Ruta Haijazimwa

Ufunguo wa chumba cha uani nilikabidhiwa ukiwa bado umefungwa fundo kwenye pindo la leso. Shangazi yangu Mwanajuma alikuwa amezikwa jana yake, na wanawake waliokuwa wakikunja nguo zake waliliona lile fundo, wakatazamana, kisha Kadzo, jirani yake wa miaka mingi, akanipa leso nzima. "Hili ni lako, Mishi," akasema. "Mle ndani hakuna mwingine wa kuingia." Alisema kweli. Nyumba ile ya Bofu ilijaa watu waliokuja kuzika, wamelala kila mahali hadi jikoni, lakini hapana hata mmoja aliyeuliza kama chumba cha uani kina nafasi. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule ninaotaka kuusimulia, wao pia walipokwenda msalani walipita mbali na mlango ule. Mimi niliketi ukumbini na ile leso mapajani, sikutaka kulifungua fundo haraka. Mwaka mzima ulinirudia. Niliingia nyumba ile nikiwa msichana asiyejua aifanyie nini mikono yake, na nilipotoka nilikuwa fundi.

Nilivyofika pale ni habari ndefu isiyo na ladha, tuiache. Chumba cha uani ndicho ninachokikumbuka. Kilishikana ukuta na jiko, kina dirisha moja la mbao na meza ndefu ya mvule iliyoinama kidogo upande wa ukutani kwa sababu sakafu ilikuwa imetitia. Mume wa shangazi, niliyemwita Mjomba Bakari, alikuwa amestaafu bandarini na kazi yake sasa ilikuwa kujifungia mle na kutengeneza vitu: vibao vya mbuzi vya kukunia nazi, marufaa za kusomea msahafu, rafu za jirani huyu na yule. Mashine aliyoipenda kuliko zote ni ruta. Kwa asiyeijua, ni mashine ya kushikwa kwa mikono miwili, tumboni mwake mna mota na chini kimetokeza kisu kidogo kinachozunguka kwa kasi hata hakionekani. Hiyo ndiyo inayouzungusha ukingo wa meza ukawa laini, na inayochimba mfereji ubavuni mwa rafu. Mlio wake huanza chini, ukapanda, ukapanda tena, mpaka meno yakawasha. Siku ya kwanza niliyompelekea chai nilisimama mlangoni nikaziba masikio, naye akaizima, akangoja kisu kisimame kabisa, ndipo akailaza na kunigeukia. "Ukitaka kuingia vua buibui," akasema. "Na huo mtandio ufunge nyuma. Mashine haina adabu, ikishika nguo yako itakuvuta nayo."

Nilivua, nikaingia, na tangu siku ile nikawa naingia kila siku. Mjomba hakuwa mtu wa maneno, ila kwa ruta aliongea. Alinionyesha namna ya kukitia kisu shingoni mwa mashine hadi mwisho, kisha kukirudisha nje kidogo ndipo kukibana, na haya yote waya ukiwa umechomolewa ukutani. Alinifundisha kuubana ubao kwa jiliwa, kwa maana mkono unaoshika ubao ni mkono usiopo kwenye mashine. Ukisimama mbele ya ukingo unatoka kushoto kwenda kulia, kisu kikutane na mbao uso kwa uso. Ukienda kinyume mashine itakukimbia mikononi. Usikate kina chote mara moja, punguza, rudia. "Ukisimama inaunguza, ukikimbia inararua," alikuwa akisema, na hadi leo nikiwafundisha wanawake pale kwangu Kisauni hujisikia nikiyatamka kwa sauti yake. Na lililo kubwa kuliko yote: usiilaze kabla haijanyamaza. Hilo alilirudia hata nikachoka.

Ukutani upande wa pili, Shangazi alipika huku akijibizana na kelele. Mlio ukizidi alipiga sufuria kwa mwiko, nao ukipungua alituma maneno. Alikuwa ameahidiwa kabati la vyombo tangu alipoolewa, na vyombo vyake vilikuwa bado vinakaa juu ya maboksi. "Kinyozi hajinyoi," alisema huku akikuna nazi. "Bofu nzima ina rafu za Bakari, isipokuwa jiko la mkewe." Mwaka ule hatimaye Mjomba alilianza. Mbavu zilikuwa tayari, milango tayari, na kilichobaki ulikuwa ubao wa juu, mkangazi mwekundu mpana, aliokuwa akiuzungusha ukingo. Nilimsikia siku moja akimwambia Shangazi dirishani, wakidhani nimekwenda dukani, kwamba ubao ule aliuweka miaka mingi akiuonea huruma kuukata. Shangazi alimjibu, "Na mimi je, hukunionea huruma?" wakacheka wote wawili kwa sauti ya chini. Niliondoka pale nyuma ya mlango polepole, nikiwa na furaha ambayo haikuwa yangu.

Siku yenyewe tulikuwa tukipika samaki wa kupaka. Mlio ulikuwa ukitujia ukutani sawasawa, mara ukakatika katikati, na taa ya jikoni ikazimika nao. Mjomba alitoka akipangusa maranda kwenye nyusi, akafunga mlango kwa ufunguo kama desturi yake, akautia mfukoni. "Tokeni za stima zimekwisha," akasema. "Naenda dukani. Msile bila mimi." Tukamngojea. Samaki alipoa, tukampasha, akapoa tena. Waliokuja kutuita walimkuta ameegemea ukuta wa duka kwenye benchi, simu mkononi, na watu walidhani anasubiri zamu yake. Moyo ndio uliosimama. Alizikwa Alasiri ile ile, na Shangazi akaingia eda: nguo nyeupe, hatoki nje, hajipambi, miezi minne na siku kumi. Ufunguo uliorudi pamoja na nguo za Mjomba aliufunga kwenye pindo la leso yake, na katika fujo ya matanga hakuna aliyekumbuka mita. Tuliwasha taa za kuazima.

Siku ya tatu ilisomwa hitima ya kuvunja matanga. Wanaume walikaa uani kwenye mikeka, wanawake ukumbini, na mawingu yalikuwa yamefunga hata ndani kukawa giza ingawa ilikuwa mchana. Kadzo ni Mkristo, hakuwa akisoma, alikuwa akihangaika na birika na vikombe. Na kwa wema wake akawa ametununulia tokeni, akaenda, birika mkononi, kwenye mita iliyo karibu na mlango kuziingiza. Nilisikia mita ikilia pii, pii, chini ya kisomo. Kisha ikafuata sauti nyingine. Ilianza chini, ikapanda, ikapanda tena. Ilitoka chumba cha uani, nyuma ya mlango uliofungwa, hatua chache kutoka walipoketi wasomaji, na kila aliyekuwapo aliijua, kwa kuwa ndiyo kelele ya Bakari iliyokuwa ikiwakera majirani kwa miaka. Kisomo kikakatika. Mzee mmoja alisimama akakaa tena. Birika lilimponyoka Kadzo, chai ikaenea mkekani na hakuna aliyeinua nguo yake. Nilimtazama Shangazi. Alikuwa ameinua uso kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, na nikaogopa uso ule kuliko ile sauti.

Salim, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekimbilia swichi kubwa ya nyumba iliyo chini ya mita na kuiteremsha. Mlio ukashuka, ukafa. Watu walimaliza hitima upesi upesi, wakaaga upesi, na kabla ya Magharibi Bofu yote ilikuwa na habari kwamba marehemu amerudi kazini. Mimi nilijua kilichotokea, na nilikaa na Shangazi chumbani nikamwambia.

"Swichi ya ruta ilibaki imewashwa, Shangazi. Tokeni zilikatika akiwa kazini, mashine ikanyamaza yenyewe. Akailaza kwa kuwa imenyamaza. Hakukumbuka kuizima. Si kitu kingine."

"Najua, mwanangu. Miaka yote hii nimekaa na ile mashine ukutani, waniona mjinga?" Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la leso. "Hebu niambie. Aliyeiwasha ni nani?"

"Ni Mjomba."

"Na aliyeizima?"

Nilitazama lile fundo la ufunguo.

"Hapana aliyeizima," akasema. "Basi kazi yake haijaisha. Chumba hakifunguliwi mpaka nitoke eda, na ile swichi asiiguse mtu."

Salim alikuja mara mbili kumsihi. "Shemeji, mle mna maranda tele, siku moja nyumba itawaka na nyinyi ndani," alimwambia kupitia pazia. Akataka kuvunja kufuli. Shangazi akamjibu kwa upole kwamba mlango ni wa mumewe na mume hajamaliza. Akaletwa maalimu, akasoma mbele ya mlango, akanywa chai, akasema nyumba haina baya lolote ila wenye nyumba waangalie umeme wao. Nyumba ilikuwa na swichi ile moja tu kubwa. Ukitaka taa utapata na ruta. Kwa hiyo tuliishi bila stima. Simu nikichaji kwa Kadzo, na jioni tulikula mbele ya taa ya mafuta.

Kisha siku moja, baada ya sala ya Alasiri, nikiwa nachambua mchele, mlio ukapanda ghafla ukutani. Nilitoka mbio. Shangazi alikuwa amesimama chini ya mita katika nguo zake nyeupe, mkono bado uko juu ya ile swichi, macho ameyafumba. Aliuacha ulie muda wa kumaliza kikombe cha chai, akaishusha swichi, akarudi jikoni na kuniuliza kama mchele umekwisha. Siku ya pili akafanya vile vile, na ya tatu. Ikawa ndiyo saa yake. Aliketi kwenye kibao cha mbuzi, mgongo ukutani, na mlio ukimpitia mgongoni. "Wamsikia?" aliniuliza. "Yuafanya kazi." Mkono wake wa kulia ulitambaa juu ya paja, kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, kama anayeifuata mashine kwenye ukingo wa ubao. Hakuwahi kuishika ruta maishani mwake. Kadzo aliacha kuja saa hizo. Alinivizia kisimani akaniambia, "Mishi, mwambie shangazi yako wafu hawahimizwi kazi."

Watu walidhani nakaa na jini. Sikuogopa jini, niliogopa moto. Kila ile sauti ilipopanda niliyaona maranda makavu yakipepea karibu na mota iliyolala ubavu. Na bado sikumzuia, kwa sababu siku ambazo ruta ililia Shangazi alikula. Siku ambayo nilimwambia swichi imekwama, alikaa na sahani mbele yake mpaka wali ukakauka. Alikuwa amekonda hata bangili alizozivua zingempita kiwikoni. Nikipima moto na njaa, kila siku nilijiambia nitamzuia kesho. Halafu likaanza jambo ambalo sikuweza kumwambia mtu. Ruta inayolia bure ina mlio mmoja, mwembamba, usiobadilika. Ikigusa mbao mlio huzama kidogo, ukanenepa. Yeyote aliyeishika anaijua tofauti hiyo hata usingizini. Mwezi wa tatu wa eda, nikiwa nimeketi kando ya Shangazi, niliusikia mlio ukizama. Ukanenepa, ukawa mwembamba tena. Mkono wa Shangazi juu ya paja ukasimama. "Ameufikia ubao," akasema, bila kushangaa. Ndani mle hamkuwa na mtu, dirisha limepigwa komeo, na mashine iliyolazwa mezani ilikuwa inakata mbao.

Nilijiambia ni masikio yangu. Nilijiambia hivyo siku nne au tano, na kila siku mlio ulizama mapema zaidi. Mwishowe ikaja siku ambayo ulizama ulipoanza tu, ukabaki chini, ukikoroma, na chini ya mlango wa uani ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ya mkangazi unaoungua. Nilikimbia kwenye mita nikaishusha swichi mwenyewe. Niliporudi Shangazi alikuwa amesimama mbele ya mlango, akitazama moshi miguuni pake.

"Ubao wake waungua, Shangazi," nikamwambia. "Ubao wa kabati lako. Nipe ufunguo."

Nilidhani atakataa. Alinitazama, akautazama moshi, na vidole vyake vikaanza kulifungua fundo. Lilikuwa limekazana kwa miezi, akalifungua kwa meno. Aliingia mbele yangu. Moshi ulikuwa wa buluu na mwepesi, hapakuwa na moto bado, maranda machache tu yanayofukuta, nikayamwagia maji ya ndoo. Kisha tukaona. Ubao ulikuwa pale pale ulipobanwa kwa jiliwa, ukingo wake umezungushwa laini hadi katikati na kuachwa. Ruta haikuwa pale Mjomba alipoilaza. Alama ya mahali alipoilaza ilionekana kwenye vumbi, upande wa pili wa meza, na kutoka alama hiyo palikuwa na njia iliyokwanguliwa vumbini, imepinda kidogo, inayokuja moja kwa moja kwenye ubao. Kisu kilikuwa kimeegemea ukingo mahali hasa alipoachia kazi, na pale pameungua pakawa peusi, upana wa kidole gumba.

Nilijisikia nikieleza haraka haraka. Kwamba ruta inapowashwa hushtuka, hupiga teke; kwamba meza imeinama upande ule; kwamba kila Alasiri alipoinua swichi ilisogea kidogo, na kwamba ikisimama huunguza. Shangazi alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Alikuwa arejea kazini," akasema. Kisha akaongeza, "Nami nilikuwa namchomea ubao wake." Sauti yake haikuwa ile niliyoizoea miezi ile; ilikuwa ya mtu aliyechoka tu. Nikanyoosha mkono kuchomoa waya, akanizuia. Akaivuta ruta kutoka kwenye ubao, taratibu, akaigeuza akiitafuta swichi, nikamwonyesha kwa kidole bila kuigusa. Vumbi lilikuwa limeishika swichi yote, ila katikati palionekana duara dogo jeusi la mafuta ya kidole gumba. Aliweka kidole chake juu ya duara lile akakiacha hapo. Kisha akabonyeza. Kilikuwa kisauti kidogo, hata jikoni kisingesikika, na hapo ndipo Shangazi alipolia kwa mara ya kwanza tangu siku ya samaki. Nami nililia, nikiwa nimeushika waya mkononi.

Siku zilizobaki za eda zilikwisha mle chumbani, taa za nyumba zikiwaka tena. "Nifundishe," aliniambia asubuhi iliyofuata, ameshajifunga leso nyuma na mikono ya nguo ameikunja. Nikamfundisha kama nilivyofundishwa, na nikagundua kwamba mkono wake uliijua njia tayari, kushoto kwenda kulia, kwa mwendo ule ule wa pajani. Tuliumaliza ubao wa juu. Nilitaka kulisugua lile doa jeusi kwa msasa, akanipiga kofi dogo la mkono. Kabati lilisimama jikoni siku aliyotoka eda, na vyombo vikashuka kwenye maboksi. Wala hapakuwa na fundi mkali kuliko yeye kwa mashine ile baadaye: amalizapo huizima, huchomoa waya, huingoja, hukitoa kisu na kukifunga kitambaani. Alitengeneza marufaa za madrasa miaka na miaka, na katika miaka yote hiyo, nilipokuwa nikimjia kutoka Kisauni kwa feri, sijamwona akiiacha hata mara moja bila kuizima.

Jana, basi, watu walipopungua, nililifungua fundo nikaenda uani. Kadzo alinifuata, akabaki kizingitini. Hata uzeeni hakuwa na raha na chumba kile. Meza ile ile. Juu yake ubao mpya wa mkangazi umebanwa kwa jiliwa, ukingo umezungushwa laini hadi katikati. Ruta imesimama kando, kisu kimo, waya umechomolewa na kukunjwa vizuri. Niliinyanyua, na kidole kikaenda chenyewe kwenye swichi kama kiendavyo siku zote kabla sijaichomeka. Ilikuwa imewashwa.

"Juma lililopita alitaka nimshike mkono nimlete huku," Kadzo akasema nyuma yangu. "Nilimwacha akakaa peke yake. Sikusikia kelele yoyote. Akatoka, akafunga mlango, akafunga na lile fundo. Kwani pana nini?"

"Kazi yake haijaisha," nikamwambia. Nilivua buibui, nikafunga mtandio nyuma, nikavaa miwani ya Mjomba iliyokuwa msumarini. Nikasimama mbele ya ubao, miguu imeachana, mikono miwili kwenye mashine na kisu mbali na mbao.

"Kadzo," nikasema, "nichomekee huo waya."

Alisita, kisha akaingia, akauchomeka. Mlio ulianza chini, ukapanda, ukapanda tena, na ruta ikashtuka mikononi mwangu. Ukumbini mazungumzo yakakatika. Nikaipeleka ukingoni pale alipoachia Shangazi, kushoto kwenda kulia, bila kusimama na bila kukimbia, nikaumaliza ubao. Halafu nikaiinua, nikaiacha ilie bure muda mrefu, kwa kuwa sasa wa kuizima nilikuwa mimi.